Ladha ya udongo kwenye buli la Kichina

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge ushauri unaosambaa kwamba buli jipya la Yixing, likitoa ladha ya udongo, lisuguliwe kwa sabuni au lipakwe mafuta ya kupikia. Mabuli hayo ya mkoa wa Jiangsu, China, hayapakwi kitu cha kung'aa ndani wala nje. Udongo wake, zisha, huchomwa kwa joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi, na ukuta hubaki na vitundu vidogo mno. Sabuni ikishaingia humo, utainywa kwa wiki kadhaa. Mafuta nayo huchacha.

Mara nyingi kinacholeta ladha hiyo ni vumbi la udongo, pamoja na unga wa mchanga unaowekwa kwenye ukingo ili mfuniko usigandane na buli tanurini. Maji yanatosha kuviondoa. Sugua ndani kwa mswaki laini na maji ya uvuguvugu, hasa matundu ya mdomo. Tandika kitambaa safi cheupe kwenye sufuria isiyo na harufu ya kitunguu, laza buli na mfuniko mbalimbali, mimina maji baridi hadi vizame, kisha washa moto mdogo. Yakianza kuchemka, acha yatokote taratibu nusu saa. Zima, na usitoe kitu mpaka maji yapoe yenyewe, maana badiliko la ghafla la joto ndilo linalopasua. Rudia kwa maji mapya mara mbili au tatu.

Sasa lipime. Jaza maji yanayochemka, funika kwa dakika 10. Maji yaleyale yaweke pia kwenye kikombe cha kaure kilichofunikwa. Onja yote yakiwa vuguvugu, kwani moto huficha ladha. Bila kulinganisha hivyo, maji ya kisima yenye chumvi yataponza buli lisilo na kosa. Kuchemshia majani ya chai kabla ya kipimo hiki sikushauri: kunafunika ladha tu.

Ladha ya udongo ikibaki baada ya hapo, huenda buli halikuiva tanurini. Dondoshea tone la maji nje: likinywewa papo hapo na kuacha doa jeusi, hakuna dawa ya nyumbani. Maji yakiteleza kama juu ya nta, au yakitoa harufu ya rangi, limepakwa kitu, usilinywee.

Tuliozoea maji ya mtungi tunaipenda harufu ya udongo, lakini oolong, aina ya chai ya Kichina, haiistahimili.

Buli la zamani likinuka uvundo, tatizo ni unyevu. Baada ya kila chai toa majani, suuza kwa maji moto, ulilaze ubavu, mfuniko pembeni, hadi likauke kabisa. Kwa hali ya hewa ya pwani, usiku mmoja hautoshi.

Msomaji,
Dar es Salaam