Shukrani kwa fundi wa Nyakato

Kaka uliyetusaidia pale Nyakato ukaondoka bila kutaja jina wala kupokea hata ya soda, asante sana. Corolla yetu ya zamani, iliyokuwa ikipunguza maji ya rejeta bila kuonekana yanakovujia, imeacha kunywa maji.

Wengi wangekimbilia kulaumu gasketi ya silinda hedi. Wewe ulianza na oili, haikuwa na rangi ya maziwa, yaani haikuonyesha kuchanganyika na maji. Zulia la mbele, ambalo hita ikivuja hulowa, lilikuwa kavu, hivyo hita nayo ukaiondoa kwenye kesi. Ndipo ukafunga pampu ya kupimia presha kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwa imepoa, ukapandisha hadi presha ya 0.9 iliyoandikwa kwenye kifuniko, bila kuzidisha. Mshale ukashuka polepole, na chini hakuna tone! Kwa tochi na kioo kidogo ukatuonyesha kitundu cha chini ya wota pampu, ile inayozungusha maji kwenye injini: ukoko wa waridi, mkavu kama chumvi. Sili ya ndani imekwisha, na injini ikipata moto maji hukauka kabla hayajadondoka.

Wota pampu mpya imefungwa na gasketi yake, kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa (si ya dumu kutoka ziwani, jamani). Hewa tuliitoa ulivyoelekeza: kifuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, hita kwenye moto wa mwisho, mpaka feni iwake.

Klempu za springi zinazobana mipira ya maji hatukuzibadilisha. Za skrubu, fundi akikaza kwa hasira, hukata mpira.