Alama za uaminifu: kikao Jumamosi

Asalaam aleikum na habari za jioni, ndugu zangu wa mashine za kupulizia mikorosho salfa.

Kikao ni Jumamosi hii, saa 10 alasiri, nyumbani kwa mwenyekiti, hapa Newala. Kila mtu aje na shilingi 2,000 za ubao mpya.

Jambo ni alama tunazopeana baada ya kuazimana mashine. Sasa tunaandika jumla tu. Mwenzetu mmoja ana 7, watu wanamwona mzembe. Kumbe ameazima mara 7, na zote amerudisha bomba limefutwa vumbi na petroli imejazwa. Mwingine ana 20, lakini kati ya mara 31! Hili linaniuma. Hata eBay, soko la mtandaoni la Marekani, huonyesha asilimia ya maoni mazuri kando ya jumla.

Napendekeza:
1. Alama ziandikwe pamoja na idadi ya mara alizoazima.
2. Lalamiko liwe na tarehe, na mlalamikiwa ajibu chini yake palepale.
3. Mgeni aandikwe "mpya", asiwekewe sifuri.

Tafadhali jibu NIPO au SIPO kabla ya Alhamisi usiku. Asiyeweza kufika atume maoni yake hapa, hata kwa sauti, nitayasoma kikaoni.