Barua kwa Binti Yangu Aliyeanza Kupiga Solo

Binti yangu mpenzi,

Salamu kutoka Kisumu. Sote tu wazima. Mama yako anauliza kama baridi ya Nakuru imepungua. Nimefurahi mno kusikia umepata gitaa, na kwamba unataka kupiga solo, lile gitaa linalopiga tuni juu ya mengine.

Vidole vitauma. Visikutishe, ngozi ya ncha itakomaa baada ya wiki chache. Bonyeza uzi nyuma tu ya freti, kile kipande cha chuma kilichokatiza shingo ya gitaa, karibu nayo, si juu ya chuma chenyewe. Sauti itatoka safi bila wewe kukaza sana. Na usipige chochote kabla ya kutyuni, yaani kuweka kila uzi kwenye sauti yake: kutoka uzi mnene hadi mwembamba ni E, A, D, G, B, E. Gitaa lisilotyuniwa huharibu sikio, na mpiga solo bila sikio hana kitu.

Ninachokuomba hasa ni usikimbilie kasi. Najua benga, muziki wa gitaa wa kwetu Waluo, ndiyo iliyokuvuta, nayo inakwenda mbio. Lakini wasikilize vizuri D.O. Misiani na bendi yake, Shirati Jazz. Solo inamfuata mwimbaji; akivuta pumzi, gitaa linamjibu. Vile vipande vifupi vinavyojirudia vina asili ya nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho wazee wetu Waluo walikipiga kabla gitaa halijafika huku. Basi chagua kipande kimoja, ukiimbe kwa mdomo mpaka ukishike, ndipo ukitafute kwenye uzi wa kwanza na wa pili, zile mbili nyembamba zaidi. Kuna programu za simu zinazopunguza mwendo wa wimbo bila kuifanya sauti iwe nzito, zitumie. Pleki, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, iende chini, juu, chini, juu, mguu ukihesabu. Ukijikwaa, punguza mwendo zaidi, maana kidole kikishazoea kosa ni kazi kukirudisha.

Robo saa kila siku itakufaa kuliko Jumamosi nzima.

Siku ukitaka kupumzika na benga, msikilize George Mukabi na omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya: kidole gumba kinashika besi huku kingine kikipiga tuni, mtu mmoja tu na gitaa lake. Mimi humpenda sana.

Nirekodie hicho kipande hata kikiwa cha polepole. Umesema nyuzi zina kutu. Usibadilishe mmoja mmoja, nitakutumia pesa ya seti nzima kwa M-Pesa mwisho wa mwezi.

Baba yako