Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa chama chetu cha wafanyakazi

Ndugu Katibu Mkuu,

Salamu za mshikamano. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizopitisha kwenye tawi hazikujibiwa, na jambo lenyewe ni la wanachama wote.

Mwajiri wetu amebadilisha upangaji wa zamu. Zamani msimamizi alipanga, ukiwa na mgonjwa nyumbani unamwendea mkaelewana. Sasa inapanga programu ya kompyuta, na anayekataa zamu mara mbili hupunguziwa saa bila kuambiwa sababu. Sisi tulijua jioni ileile kupitia simu zetu. Tamko la chama lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo siku 11 baadaye, wakati wenzetu wengi wanafanyia kazi nyumbani na ubao huo hawauoni kabisa. Ada zetu hukatwa kwa kompyuta na kufika makao makuu kila mwezi. Taarifa nazo zingeweza kuturudia kwa njia hiyohiyo.

Haya si mambo mageni kwa vyama vya wafanyakazi. Wafanyakazi wa bandari ya Liverpool walipofukuzwa mwaka 1995, intaneti ikiwa bado changa, waliitumia kuwafikia wenzao wa mabara mengine, na Januari 1997 bandari za nchi nyingi zikachukua hatua kuwaunga mkono. Kazi zao hawakurudishiwa, nalijua hilo, lakini hawakubaki peke yao. Mwaka 2007 wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM nchini Italia waliandamana ndani ya Second Life, ulimwengu wa kwenye kompyuta, na watu wa nchi nyingine wakajiunga nao. Walimu wa jimbo la West Virginia, Marekani, mwaka 2018, walijipanga kwa mgomo kupitia kundi la Facebook.

Kinachoninyima usingizi, Ndugu, ni mahali tunapozungumzia. Tawi letu linatuma matangazo kwa barua pepe za kazini. Barua pepe ya kazini ni mali ya mwajiri: seva, yaani kompyuta inayohifadhi barua hizo, ni yake, na fundi anayeweza kuifungua ameajiriwa naye. Tunapanga madai yetu tukiwa tumeketi sebuleni kwake. Tukihamia kwenye kundi la simu, picha ya mazungumzo inamfikia meneja kabla hatujamaliza kujadiliana. Mwaka jana orodha nzima ya wanachama, majina na namba za simu, ilitumwa kwa kila mtu kwa makosa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika 2018, inauweka uanachama wa chama cha wafanyakazi katika kundi moja na taarifa za afya ya mtu, kwa kuwa jina kwenye orodha hiyo linaweza kumponza mtu akakosa kazi. Kwetu orodha hiyo ilisambazwa, na hakuna aliyetuomba radhi.

Kwa hiyo naomba chama kiwe na njia yake chenyewe ya mawasiliano, kwenye seva ambayo mwajiri haigusi, na mtu aliyesomea kazi hiyo aajiriwe kuilinda. Viongozi wengine wanaogopa kwamba wanachama watawauliza maswali makali humo. Waacheni waulize. Wanauliza hata sasa, ila hamsikii.

Kura ya mgomo kwa simu sina haraka nayo. Lazima kwanza tuwe na hakika kwamba hakuna atakayejua nani alipiga nini. Tujaribu kwenye mambo madogo.

La mwisho ni la haraka. Mazungumzo ya mkataba mpya wa hali bora yanakaribia. Wekeni kifungu kinachomlazimisha mwajiri kueleza programu inapima nini inapompunguzia mtu saa, na kinachompa mtu huyo haki ya kukata rufaa mbele ya binadamu mwenye mamlaka ya kubadilisha uamuzi. Tawi letu limeshaandika rasimu yake. Nitakuja nayo kwenye mkutano mkuu, na nitaomba nafasi ya kuisoma.

Wako katika mshikamano,
Mwakilishi wa tawi