Jumamosi: kuchora kutoka picha za zamani za nyumbani

Habari za jioni, wapendwa. Tafadhali msije na picha halisi. Ipigeni kwa simu mchana, kivulini, bila flashi, kisha mchapishe nakala ya sentimita 9 kwa 13. Picha iliyogandia kioo cha fremu msiibandue, sura za watu zitabaki kwenye kioo. Ipigeni hapo hapo ilipo, mkisimama pembeni kidogo ili mwanga usirudi kwenye lenzi, na muinyooshe baadaye kwenye simu.

Kanvasi iwe sentimita 36 kwa 52, imepakwa praima (rangi ya msingi) mara mbili na imekauka. Kwenye nakala pigeni miraba ya sentimita 1, na kwenye kanvasi pigeni miraba ya sentimita 4, kisha mhamishe mchoro mraba mmoja mmoja. Penseli iwe nyepesi, ikikolezwa huchafua rangi ya ngozi.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kupaka vivuli vya uso kwa nyeusi ya tyubu. Uso hufa. Changanyeni kahawia na buluu.

Picha nyeusi na nyeupe haisemi kanga ilikuwa rangi gani, kwa hiyo muulizeni bibi au shangazi kabla ya Jumamosi. Wawili wakitofautiana, msiamue nani yuko sahihi: pakeni rangi ya mmoja, ikauke, kisha ya mwingine juu yake, imezimuliwa kwa maji hadi ile ya chini ionekane. Asipokumbuka mtu, acheni sehemu hiyo tupu. Naomba sana msijaze kwa kubuni.

Majina na mwaka andikeni nyuma ya kanvasi.