Kwa Nini Noti Iliyopigwa Pasi Hushuka Bei

Mteja wetu mmoja alituletea noti ya Ureno ya escudo 100, fedha ya nchi hiyo kabla ya euro, yenye picha ya mshairi Fernando Pessoa, safi na iliyonyooka bila mkunjo hata mmoja, akitarajia tuinunue kwa bei ya juu. Alikuwa ameiosha kwa sabuni ya unga, akaianika kivulini, kisha akaipiga pasi juu ya kitambaa. Ilitubidi tumweleze, kwa masikitiko, kwamba kabla ya kuoshwa ilikuwa na thamani zaidi.

Karatasi ya noti hutiwa kiwandani dawa inayoifanya iwe ngumu kiasi na itoe mlio mkavu inapotikiswa, na maji ya sabuni huiondoa dawa hiyo. Wino wa picha nao huwa umeinuka juu ya karatasi, kiasi kwamba ukipitisha ncha ya kidole polepole utausikia ukikwaruza. Joto na uzito wa pasi huulaza. Mkusanyaji mzoefu hulitambua jambo hili hata akiwa amefumba macho.

Wateja wengi hutuuliza pia kama tarakimu iliyoandikwa kwenye noti ndiyo bei yake. Sivyo. Euro za taslimu zilianza kutumika Ureno Januari 2002, euro moja ikihesabiwa kuwa escudo 200.482, na Benki Kuu ya nchi hiyo iliendelea kubadilisha noti za toleo la mwisho hadi tarehe 28 Februari 2022. Sasa bei hupangwa na wakusanyaji wenyewe, nao hutazama hali ya noti kwanza.

Hapo ndipo noti za waandishi zinapovutia. Kwa miaka mingi noti ya 100 ilikuwa kama makao yao: toleo la 1965 lilimbeba mwandishi wa riwaya Camilo Castelo Branco, likafuatwa na la mshairi Bocage katika miaka ya 1980, kisha la Pessoa, aliyekulia Durban na aliyeandika mashairi kwa majina kadhaa ya kubuni. Kwa kuwa noti ndogo hupita sokoni, kwenye mabasi na mifukoni mwa watu kila siku, nyingi zilichakaa, na ile ambayo haijawahi kukunjwa huwa na bei tofauti kabisa na ndugu zake. Antero de Quental, mshairi wa visiwa vya Azores vya Ureno, aliwekwa kwenye noti ya 5,000, ambayo haikushikwashikwa kiasi hicho.

Kwa msomaji wa pwani yetu, sisi tungependekeza aanze na noti ya 500 ya toleo la 1997, yenye picha ya João de Barros. Huyu ndiye mwanahistoria ambaye kitabu chake cha mwaka 1552 kilisimulia habari za masultani wa Kilwa.

Ukiwa na noti ya aina hii, iache na uchafu wake. Usiibandike utepe wa gundi ilipochanika, wala usiihifadhi katika plastiki laini ya PVC, ambayo baada ya miaka hutoa mafuta yanayonata. Tupigie picha pande zote mbili karibu na dirisha, na nyingine ukiwa umeiinamisha kidogo ili mikunjo ionekane. Tutakueleza hali yake bila malipo, na tukiwa na nia ya kuinunua tutataja bei kabla hujaituma.