Yule binti wa Tandahimba anataka kuacha

Shangani, Mtwara
Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima, na mama watoto naye, na kikohozi cha mdogo kimepona. Sisi huku hatujambo, joto tu ndilo linatutesa. Kaskazi haijaanza kuvuma sawasawa na usiku hapalaliki. Mazoezi niliyokuahidi tangu Ramadhani bado yako kwenye fleshi, uniwie radhi. Shemeji akipita Ijumaa nitampa akuletee Lindi.

Ila sikushika kalamu kwa ajili hiyo. Jana yule binti wa Tandahimba niliyekusimulia alinisubiri mlangoni mwa maabara. Anataka kuacha somo langu la kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python, ahamie kozi nyingine. "Mwalimu, kichwa changu hakikuumbiwa kompyuta." Nikamuuliza, nani kakwambia hayo? Akainama. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba kila akikwama mimi namchukulia kibodi, narekebisha, inafanya kazi, naondoka kwenda kwa mwingine. Yeye anabaki pale hajui nimegusa nini.

Ni kweli tupu, swahiba, na imeniuma. Wanafunzi 40, mashine 20, kipindi cha saa mbili. Unaona mtu kasahau nukta mbili mwishoni mwa mstari, mkono unakwenda wenyewe. Unadhani unamsaidia.

Nikamwambia akae tuanze upya, mikono yangu nikaifungia mgongoni. Nikampa kazi ya baba yake: kapeleka korosho chama cha msingi mara mbili, kilo 120, halafu kilo 85. Jumla ngapi? Akaandika mistari yake mitatu ya programu, akaiendesha, akajaza namba, skrini ikatoa 12085. Akacheka! Tangu muhula uanze sijamwona akicheka. "Baba angenunua lori." Nikamuuliza tu, hebu itazame hiyo namba, unaijua? Akaikodolea macho kitambo, mdomo unacheza cheza, mara akasema, "Ni 120 na 85, zimebandikwa tu." Hapo ndipo maelezo yalipopata pa kukaa: amri ya "input", inayopokea unachoandika, inaleta maandishi hata ukiandika tarakimu, na alama ya kujumlisha ikikuta maandishi inayaunganisha. Uyapitishe kwanza kwenye "int" ndipo yawe namba. Hayo nimeyasema ubaoni tangu wiki ya pili na hayakuingia. Jana akarekebisha mwenyewe, ikatoka 205, kisha akaongeza na bei ya kilo bila kuambiwa na mtu.

Lakini hakusema kama atabaki. Kasema atanijibu Jumatano.

Na kile kitini cha jalada la njano, najua unacho. Nakuomba usiwagawie wanafunzi wako mtakapoanza Januari. Kiliandikwa enzi za Python 2, toleo la zamani ambalo lilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Mle amri ya kuchapa, "print", haina mabano, na 7 kugawa kwa 2 ni 3, wakati Python ya sasa inatoa 3.5. Mwanafunzi anakinakili neno kwa neno, mashine inakataa, anajiona mjinga, kumbe kilichozeeka ni kitini. Binti huyu amehangaika nacho wiki nzima na mimi sikujua.

Kwa kuwa mashine hazitoshi, nawakalisha wawili wawili, dereva na utingo. Dereva ndiye pekee anayegusa kibodi. Utingo anasoma, anaonya, anauliza "hapa una maana gani?" Kila dakika 20 wanabadilishana, na nasimamia hilo, maana usiposimamia yule mjuaji anaendesha mpaka Dar.

Kingine ni karatasi. Wiki iliyopita umeme ulikatika katikati ya kipindi, nikawapa kitanzi, yaani amri zinazojirudia, cha range(1, 5) wafuate kwa kalamu, kila kigeu (jina linalobeba thamani) na safu yake, kila mzunguko na mstari wake, waniambie kitachapa nini. Nusu ya darasa wakaandika 1 hadi 5. Wengine wakashika 4. Ukazuka ubishi ambao sijawahi kuusikia humu ndani, na umeme uliporudi hakuna aliyekwenda chai, wote mbio kwenye mashine. Inaishia 4. Sasa nataka watabiri kwanza kwa karatasi kila siku, umeme uwepo usiwepo.

Kiingereza nacho kinawatisha wengi. Nawaambia maneno ambayo Python imejitengea ni 35 tu, na "if" ni ikiwa, "while" ni maadamu. Ujumbe wa kosa tunausoma kuanzia mstari wa mwisho, ndio unaotaja kosa lenyewe, na namba ya mstari iko juu yake kidogo. Zamani walikuwa wakiuona mwekundu wanaufunga haraka kama wamefumwa.

Hebu niambie, wewe utafanyaje na hawa wanaoleta kazi iliyoandikwa na akili mnemba? Mimi nawaomba wabadilishe kitu kimoja mbele yangu, wengi wanaganda. Kukataza naona haitasaidia, au unaonaje? Utakuwa na wangapi, na mashine ngapi? Mtaanza na Python moja kwa moja au Scratch kwanza, ile ya kupanga vipande vya rangi badala ya kuandika? Na yule jamaa wa Nachingwea bado ana zile kibodi mbili alizosema hazitumii? Tafadhali muulize.

Kubwa zaidi: ungekuwa wewe, Jumatano ungemwambia nini huyu binti? Ada yake baba anasubiri malipo ya mnada, sitaki aone nambembeleza kwa ajili ya pesa za chuo. Nimemwandalia zoezi la kuorodhesha magunia. Nijibu kabla ya Jumatano, hata mistari miwili kwenye simu.

Wasalimie wote, na bibi wa Mingoyo usimsahau.

Ni mimi, jirani yako wa Mikindani